Mita Hamsini

Ilianza na ukungu chini ya kioo,
kama pumzi ya mtoto dirishani.
Nikaufuta kwa kidole gumba. Haukufutika.
Ulikuwa upande ule mwingine.

Jumanne hiyo, bwawa la hoteli kule Milimani,
lile lenye vigae vilivyobanduka pembeni,
ambalo kabla ya saa moja asubuhi
wananiachia kwa shilingi mia tatu,
mimi na goti langu.
Raundi kumi na saba, saa ikasema.
Nikaenda, nikarudi. Kumi na saba.
Niliogelea mpaka mikono ikawa uji
na bado ilikuwa kumi na saba.

Nyumbani niliizika ndani ya mchele wa Ahero,
mkebe mzima wa Kimbo, siku nne,
kama maiti anayesubiri jamaa wa mbali.
Nilipoifukua ilitetemeka mara moja,
ikaniamkia kwa Kichina,
ikazima.
Mchele tuliula Jumapili. Wageni walisifu pilau.

Fundi Mukabana anakaa nyuma ya soko la Kibuye,
meza yenye upana wa sinia, mwavuli wa kampuni ya simu,
lenzi kaibana jichoni kama deni.
Aliigeuza saa mgongo, akasoma polepole:
mita hamsini.
Akacheka bila sauti, mabega tu.
“Mama Awino, hizi ni mita za karatasi.
Maji yametulia, saa imetulia, tena mpya kutoka kwenye boksi.
Wewe unayapiga maji kwa mkono.
Unadhani yenyewe hayapigi?
Na hiki kitufe, ukikibonyeza ukiwa chini,
umemfungulia mgeni mlango kisha unauliza nani kaingia.”

Akaifungua. Ndani palikuwa na kutu
rangi ya chai ya maziwa iliyolala.
Akachomoa pete ya mpira, nyembamba kuliko tambi,
ikamkatikia kwenye koleo.
“Hii ndiyo ilikuwa askari wako.”
Kisha, bila kuinua uso:
“Unaoga nayo?”

Nikasema hapana.

Alinionyesha utando mweupe kwenye ukingo.
“Dawa ya bwawa haiachi hivi. Hii ni sabuni.
Na mvuke, mama, hupita pale tone lisipopita.”

Nikalipa mia mbili za kufunguliwa, nikanyamaza.
Ningemwambiaje, watu wakipita na mifuko ya omena,
kwamba usiku ule wa Agosti
Ogweno alikoroma, akageuka, akaniambia nisogee,
na alfajiri niligusa bega lake
likawa bega la kiti?
Moyo haukuleta barua. Haukubisha.
Tangu hapo nililala na ile taa ndogo ya kijani
ikichungulia mshipa wangu:
sitini na mbili, sitini na nne, sitini.
Bafuni sikuivua. Bafuni hasa,
mlango umefungwa, maji yanaunguruma,
nani angenisikia nikianguka?
Kila asubuhi niliiosha kwa maji moto na sabuni ya kipande
ili isiache kunihesabu.
Ndivyo nilivyoiua.

Mukabana alisema anaweza kuniagizia nyingine.
Nikamwambia nitafikiria.
Iko kwenye droo, pamoja na miwani yake.

Ijumaa nilirudi bwawani na mkono mtupu.
Pale saa ilipokaa ngozi imebaki nyeupe,
yule kijana wa taulo alidhani ni kidonda.
Nilipanga punje ishirini za mahindi ukingoni;
kila nikirudi, punje moja majini.
Kwenye ile ya tisa, au ya kumi,
nilitoa kichwa nikamkuta kwarara
kasimama na miguu yake ya karani mstaafu,
amemeza hesabu yangu yote, anadonoa iliyobaki.

Nikashika ukingo. Nikahema.
Kitu kilikuwa kinagonga mbavuni,
kwa nguvu, bila namba.
Nikakisikiliza kidogo,
halafu nikajisukuma kwa miguu yote miwili, goti likalia,
nikaenda.